Namna ya Kujifunza Figo kwa Macho, kwa Mikono na kwa Hesabu

Wanafunzi wengi huanza kujifunza figo kwa kukabidhiwa mchoro wenye mishale na majina, wakayakariri majina hayo hadi siku ya mtihani na kuyasahau siku inayofuata. Nimefundisha somo hili kwa muda wa kutosha kujua kwamba anayejifunza kwa njia hiyo anaweza kutaja kila sehemu ya figo bila kukosea, lakini ukimuuliza swali dogo tu, kwamba kwa nini sukari iliyomo katika damu haitoki na mkojo ilhali ni ndogo kuliko matundu ya chujio, anakwama. Anakwama kwa sababu ameambiwa kuwa figo huchuja uchafu, na maneno hayo, ingawa si ya uongo, yanaficha jambo lenyewe.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao nimeona unasaidia zaidi: kwanza kujua figo zilipo, kisha kuipasua figo moja ya mnyama na kuitazama, kisha kuifuata damu inapoingia na kutoka, na baada ya hapo kupiga hesabu mbili tatu. Majina yatakuja yenyewe njiani. Yote yatakayoelezwa yanahusu figo yenye afya, kwa kuwa asiyeijua figo nzima hawezi kuielewa iliyoharibika.

Zitafute mahali zilipo

Weka viganja vyako kiunoni, vidole gumba vikielekea mgongoni, kisha vipandishe vidole gumba hadi viguse mbavu za mwisho. Hapo ndipo penye figo, juu zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani. Ukimwomba mtu aonyeshe figo zake, mara nyingi ataonyesha sehemu ya chini ya kiuno. Ukweli ni kwamba zimekaa pande mbili za uti wa mgongo, takriban kutoka pingili ya 12 ya kifua hadi pingili ya 3 ya kiuno, na sehemu yake ya juu imekingwa na mbavu mbili za chini kabisa. Figo ya kulia huwa chini kidogo kuliko ya kushoto, kwa sababu ini limechukua nafasi ya juu upande huo. Tena, figo haziko ndani ya mfuko mmoja na matumbo. Ziko nyuma ya utando unaoyafunika matumbo, zimelala juu ya misuli ya mgongo, zimezungukwa na mafuta yanayozishikilia na kuzikinga na mtikisiko. Unapovuta pumzi, kiwambo cha kifua huzisukuma chini sentimita chache, na unapoitoa hurudi.

Figo moja ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 10 hadi 12, upana wa sentimita 5 hadi 7 na unene wa takriban sentimita 3. Uzito wake ni kama gramu 120 hadi 170. Kunja ngumi yako uitazame, hutakuwa mbali na ukubwa wake. Juu ya kila figo imekaa tezi ya adrenali, ambayo si sehemu ya figo wala haifanyi kazi ya kuchuja, ingawa homoni zake hufika kwenye figo na kuiamuru, kama tutakavyoona.

Pasua figo ya kondoo

Hakuna mchoro unaoweza kuchukua nafasi ya figo halisi iliyofunguliwa mbele yako. Figo ya kondoo inafaa, kwa kuwa ina umbo la haragwe kama yetu na uso wake ni laini. Figo ya ng'ombe imegawanyika kwa nje kuwa mafundo mafundo na humchanganya anayeanza. Unapoitafuta, omba isisafishwe, ili ibaki na mafuta yake na mishipa iliyoungana nayo, maana iliyosafishwa huwa imepoteza nusu ya somo. Andaa ubao, kisu chenye makali, glavu, lenzi ya kukuzia na mrija mwembamba wa plastiki.

Anza kwa kuyaondoa mafuta kwa vidole, polepole, hasa karibu na upande uliobonyea. Chini ya mafuta utakuta utando mwembamba, mgumu na wenye kung'aa, uliobana figo yote. Ukitoboa kidogo kwa ncha ya kisu, utaweza kuumenya kwa vidole kama ngozi nyembamba, na katika figo yenye afya huachana na nyama bila kuirarua. Sasa geukia upande uliobonyea, ambao ndio mlango wa figo. Mifereji mitatu hupita hapo, na ni vyema kuitofautisha kwa mguso kabla ya kuitofautisha kwa jina. Mmoja una ukuta mnene, na mdomo wake unabaki wazi hata ukiubana na kuuachia: huo ni ateri, inayoleta damu kutoka kwenye mshipa mkuu wa moyo. Wa pili ni mpana lakini ukuta wake ni mwembamba, umelala kama kitambaa kilicholowa: huo ni vena, inayorudisha damu. Wa tatu ni mweupe, mwembamba na imara, na ukiufuata utaona unapanuka kama faneli unapoingia ndani. Huo ni ureta, mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu. Ingiza mrija wako wa plastiki ndani yake taratibu na uuache hapo.

Sasa laza figo ubavu, uishike vizuri kwa mkono mmoja ukiwa umeviweka vidole mbali na njia ya kisu, kisha kata kwa urefu kuanzia upande uliotuna kuelekea upande uliobonyea, ukisimama kabla ya kuitenganisha kabisa. Ifungue kama unavyofungua kitabu.

Utakachokiona kwanza ni rangi mbili. Kwa nje kuna ukanda mwekundu wa kahawia, wenye unene wa takriban sentimita moja au pungufu, ambao ukiutazama kwa lenzi unaonekana kuwa na chembechembe, kana kwamba umenyunyiziwa vumbi jekundu. Ukanda huo ni gamba la figo. Ndani yake kuna sehemu yenye mistari mistari, iliyonyooka kama nyuzi za ufagio, inayokusanyika kuelekea katikati. Hiyo ni medula. Usipite hapa kwa haraka. Chembechembe za gamba na mistari ya medula ndiyo siri yote ya figo inayoonekana kwa macho: zile chembechembe ni vifundo vya kapilari vinavyochuja damu, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha karibu theluthi moja hadi sehemu ya tano ya milimita, na ile mistari ni mirija midogo sana inayoshuka na kupanda sambamba, pamoja na mishipa ya damu inayoisindikiza. Kuchuja hufanyika juu, katika gamba. Kukolezwa kwa mkojo hufanyika chini, katika medula.

Kuna tofauti moja ambayo lazima uiweke akilini. Katika figo ya kondoo, medula imeungana kuwa ukingo mmoja mrefu. Katika figo ya mtu imegawanyika kuwa piramidi, kwa kawaida kati ya 8 na 18, kila moja ikiwa na kitako chake kwenye gamba na ncha yake ikichungulia ndani ya kikombe kidogo. Vikombe hivyo huungana kuwa vikubwa zaidi, navyo humwagia katika pelvisi, ule uwazi mweupe na laini ambamo utaukuta mrija wa plastiki uliouingiza umetokeza. Vuta mrija mbele na nyuma, ujionee mwenyewe kwamba kutoka ncha ya medula hadi ureta ni njia moja isiyo na kizuizi. Ukishamaliza, osha vifaa na mikono kwa sabuni.

Ifuate damu

Figo mbili kwa pamoja hazifiki nusu ya asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa amepumzika hupokea kati ya sehemu ya tano na robo ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani zaidi ya lita moja kila dakika. Figo haziletewi damu nyingi kiasi hicho kwa ajili ya chakula chake. Zinaletewa ili ziikague.

Katika sehemu nyingi za mwili, njia ya damu ni fupi kuieleza: ateri, kisha kapilari, kisha vena. Katika figo, damu hupita katika kapilari mara mbili, na atakayelielewa jambo hili moja ameielewa figo kuliko aliyekariri majina yote. Ateri ya figo hugawanyika mara nyingi hadi kuwa ateri ndogo sana, ambayo huingia ndani ya kikombe chenye kuta mbili kiitwacho kapsuli ya Bowman na kujisokota humo kuwa kifundo cha kapilari, glomeruli. Kifundo hiki hakimwagi damu yake katika vena. Kinaimwaga katika ateri ndogo nyingine, nyembamba kuliko ile iliyoingia, na kwa kuwa njia ya kutokea ni nyembamba kuliko ya kuingilia, shinikizo ndani ya kifundo hubaki juu, karibu milimita 60 za zebaki, kiasi ambacho ni kikubwa kuliko cha kapilari za kawaida. Shinikizo hilo ndilo linalokamua maji ya damu kupitia ukuta. Ateri inayotoka hugawanyika tena kuwa kapilari za awamu ya pili, ambazo huizunguka mirija ya nefroni, yaani kitengo kimoja cha kuchuja: kifundo pamoja na mrija wake. Hapa mambo yamegeuka: shinikizo limeshuka, na damu imebaki nzito kwa protini kwa sababu sehemu ya maji yake imeshakamuliwa. Damu ya namna hiyo huvuta maji kurudi kwake. Kwa mpangilio mmoja wa mishipa, figo imepata nguvu ya kutoa na nguvu ya kurudisha.

Chujio lenyewe lina tabaka tatu. La kwanza ni ukuta wa kapilari wenye matundu. La pili ni utando wa msingi. La tatu ni seli zenye miguu iliyoingiliana kama vidole vya mikono miwili, zikiacha nyufa nyembamba katikati. Seli za damu hazipiti. Protini kubwa kama albumini huzuiwa pia, kwa ukubwa wake na kwa chaji hasi ya umeme iliyomo katika chujio, inayoisukuma albumini ambayo nayo ina chaji hasi. Vitu vidogo vyote hupita bila kuulizwa: maji, chumvi, sukari, asidi amino, na takataka kama urea (inayotokana na protini) na kreatinini.

Piga hesabu

Chukua kalamu. Figo mbili zenye afya za kijana mzima huchuja takriban mililita 125 kila dakika. Zidisha kwa dakika 1,440 za siku nzima, utapata lita 180. Plazma yote ya mwili, yaani damu bila seli zake, ni kama lita 3 tu, kwa hiyo plazma hiyohiyo huchujwa karibu mara 60 kwa siku. Mkojo wa siku, kwa mtu anayekunywa maji kwa kiasi cha kawaida, ni kati ya lita 1 na 2. Kwa maneno mengine, takriban asilimia 99 ya maji yaliyochujwa yamerudishwa.

Fanya vivyo hivyo kwa sukari. Kila lita ya plazma ina takriban gramu 1 ya glukosi, kwa hiyo gramu 180 hupita kwenye chujio kila siku, na katika mkojo wa mtu mwenye afya haionekani kwa vipimo vya kawaida. Kuhusu sodiamu, kiasi kinachochujwa kwa siku, kama chote kingekuwa katika umbo la chumvi ya kawaida, kingezidi kilo moja na robo, ilhali mtu hutoa gramu chache tu.

Hapa ndipo swali la mwanzo linapojibiwa. Figo haichagui uchafu na kuutupa. Hutupa nje kila kitu kidogo, kizuri na kibaya pamoja, kisha hukirudisha kile ambacho mwili unakitambua kuwa ni chake. Mtu anaweza kuona kwamba huo ni upotevu wa nguvu, lakini fikiria faida yake: mwili hauhitaji kuijua kila sumu mapema ili uiondoe. Kitu kidogo kisicho na mlango wa kukirudisha, na ambacho hakiwezi kupenya kuta chenyewe, kinabaki njiani na kutoka na mkojo. Kreatinini, takataka inayotokana na misuli, haina mlango huo, ndiyo maana wingi wake katika damu hutumiwa kukadiria kasi ya kuchuja. Urea huwa katikati, kwani karibu nusu yake hurudi.

Milango ya kurudisha ina kikomo. Ile ya glukosi hutosha hadi sukari ya damu inapokaribia miligramu 180 kwa desilita. Ikizidi hapo, milango hujaa na inayobaki hutoka na mkojo, hata kama figo yenyewe haina dosari.

Tembea ndani ya nefroni moja

Kila figo ina nefroni zinazokadiriwa kuwa milioni moja, ingawa idadi hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Zote huwa zimeshaundwa kabla mimba haijafikisha miezi tisa, na baada ya kuzaliwa hakuna mpya inayotengenezwa. Marcello Malpighi aliviona vifundo vya gamba katika karne ya 17. William Bowman, mwaka 1842, alionyesha kwamba kikombe kinachokizunguka kifundo ndicho mwanzo wa mrija. Na Jakob Henle alieleza mwaka 1862 kitanzi kinachobeba jina lake.

Chora mstari mmoja kwenye karatasi, uupindepinde mwanzoni, uushushe, uupandishe, uupindepinde tena, kisha uushushe mara ya mwisho. Umeshachora nefroni pamoja na mrija kusanyizi. Sehemu ya kwanza iliyopindapinda hufanya kazi kubwa kuliko zote: seli zake zina vinyweleo vingi kama brashi upande wa ndani, na hurudisha takriban theluthi mbili ya maji na sodiamu, pamoja na karibu glukosi na asidi amino zote.

Kitanzi cha Henle ndicho huwasumbua wengi, kwa hiyo tukitazame kwa utulivu. Mguu wake unaoshuka hupitisha maji. Mguu unaopanda hauyapitishi, ila hutoa chumvi na kuipeleka katika nyama ya medula. Chumvi iliyotolewa na mguu unaopanda huvuta maji kutoka katika mguu unaoshuka, jambo linalokifanya kimiminika kifike chini kikiwa kimekolea, na hivyo mguu unaopanda hupata chumvi nyingi zaidi ya kutoa. Mzunguko huo, ukisaidiwa na urea, huifanya medula izidi kukolea kadiri unavyoshuka: kutoka kiwango cha miliosmoli 300 (kipimo cha ukolezi wa vitu vilivyoyeyuka, kwa kila kilo ya maji) karibu na gamba, sawa na damu, hadi kufikia 1,200 kwenye ncha ya piramidi. Kiwango hicho hakina faida kwa kitanzi chenyewe. Faida yake huonekana katika mrija kusanyizi, ambao hulazimika kupita katika eneo hilo lenye chumvi ukielekea kwenye kikombe. Ubongo ukitoa homoni ya kuzuia mkojo, milango ya maji hufunguka katika ukuta wa mrija huo, maji huvutwa nje na mkojo hubaki mchache na wa rangi iliyokolea. Homoni ikipungua, milango hufungwa na maji hutoka yalivyo.

Kati ya kitanzi na mrija kusanyizi kuna sehemu ya pili iliyopindapinda, ambapo aldosteroni, homoni ya ile tezi ya adrenali, huamuru sodiamu irudishwe na potasiamu itolewe. Mwanzoni mwa sehemu hii mrija hurudi na kugusana na ateri ya glomeruli uliyotoka, ukapima chumvi inayopita na kuirekebisha kasi ya kuchuja. Sijui mfano mzuri zaidi wa kiungo kinachojikagua.

Figo hufanya pia kazi nyingine ambazo hazionekani katika mkojo. Hutoa renini, inayoanzisha mfululizo wa kupandisha shinikizo la damu linaposhuka. Hutoa erithropoietini, inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Huikamilisha vitamini D ili utumbo uweze kufyonza kalsiamu. Na kila siku huondoa asidi inayotokana na chakula, kwa sehemu kubwa ikiwa imefungwa katika amonia, huku ikirudisha bikabonati.

Jipime

Funga maandishi yako, kisha jibu kwa sauti maswali matatu. La kwanza: mtu akinywa lita moja ya maji kwa mara moja, ni sehemu ipi ya nefroni itakayobadili kazi yake? Ukijibu kuwa ni chujio, rudi nyuma. Kasi ya kuchuja hubadilika kidogo sana, na kinachobadilika ni milango ya maji ya mrija kusanyizi.

La pili: mtu akikosa maji siku nzima, kwa nini mkojo haukomi kabisa? Kwa sababu takataka za siku zinahitaji maji ya kuziyeyusha, na kwa kuwa mkojo hauwezi kukolea kupita miliosmoli 1,200 hivi, takriban nusu lita lazima itoke.

La tatu ni la kufikiri zaidi: kama figo moja ikiondolewa, je, kasi ya kuchuja hubaki nusu? Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, Ronald Herrick alimpa pacha wake Richard figo moja katika upasuaji ulioongozwa na Joseph Murray, naye Ronald akaishi hadi mwaka 2010. Baada ya utoaji wa namna hiyo, figo inayobaki haiongezi nefroni hata moja, lakini kila glomeruli hutanuka na kupokea damu nyingi zaidi, hata kasi ya kuchuja ikafikia karibu asilimia 70 ya ile ya figo mbili. Ukiweza kueleza kwa nini ni 70 na si 50, ukitaja ateri inayoingia, shinikizo ndani ya kifundo na upana wa chujio, basi mchoro wenye mishale utakuwa mwepesi kwako.